Kaka yangu ametibiwa TB mara tatu, kumbe ni vumbi la kuchoronga. Mliopita Mirerani someni hapa

#1 Dada wa Mchorongaji (Sombetini, Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo naandika, na uzi ni mrefu, mnivumilie.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenisomesha. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na ada yangu yote mpaka namaliza kidato cha nne ilitoka kwenye migodi ya tanzanaiti ya Mirerani, mkononi mwake. Leo kaka huyu hawezi kutoka soko la Kilombero mpaka stendi ndogo bila kusimama mara tatu kutafuta pumzi. Ana miaka 43. Mtoto wake wa darasa la pili ndiye anayembebea ndoo ya maji ya kuoga.

Alianza mwaka 1998, bado mtoto, kama nyoka. Kwa wasiojua, nyoka ni wale vijana wembamba waliokuwa wanatumwa kupenya kwenye matundu ambayo mtu mzima haingii, wanapeleka vifaa na ujumbe chini. Alipokua akawa apolo kamili, yaani mchimbaji, na kuanzia 2003 akakabidhiwa mashine ya kuchoronga. Akaishika miaka 12.

Mchorongaji ndiye anayetoboa mwamba matundu ya kupakia baruti. Kompresa iko juu, upepo unashuka kwa mpira mrefu, mashine inagonga mwamba na kila tundu linamwaga unga. Mashine hizi zimetengenezwa ili maji yapite katikati ya chuma kinachotoboa, unga utoke kama tope na kudondoka miguuni. Ukichoronga kavu, unga wote unabaki hewani, na chini kule hewa haina pa kwenda. Kaka anasema kwenye mgodi wao hakuwahi kuona maji yakiingia kwenye mashine hata siku moja. Maji kule Simanjiro, wilaya ya Mirerani, ni ya kununua. Bosi alikuwa anapiga hesabu ya ugali, maharage, baruti na dizeli ya kompresa. Maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya kugombania.

Akija nyumbani mwisho wa mwezi, mimi ndiye niliyekuwa nakung'uta nguo zake uani kabla ya kuziloweka. Zilikuwa nyeusi tii, kwa sababu mwamba wa tanzanaiti una grafiti, ile ile ya kalamu ya risasi. Makohozi yake yalikuwa meusi pia. Yeye alikuwa anasema kile cheusi kikiisha kutoka basi kifua kimesafika. Sote tuliamini.

Mwaka 2016 kikohozi kikagoma. Akakonda, akatoka jasho usiku. Akapigwa picha ya kifua kwenye hospitali moja, akaambiwa TB. Akameza dawa miezi 6, akapata nafuu kidogo. 2018 hali ikarudi, picha tena, TB tena, dawa tena. 2021 mara ya tatu. Mtaani watu wakaanza kunong'ona kuwa anaruka dozi au ana "ule ugonjwa". Mke wake alitengewa kikombe kwenye vikao vya ukoo. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliwahi kumfokea kwamba hajitunzi. Dozi hizo zote tatu alizimeza mbele yangu.

Mwaka jana tukampeleka kwingine. Daktari kijana akaweka ile picha kwenye mwanga, akanyamaza, kisha akamwuliza, "Mzee, tangu utoto umefanya kazi gani?" Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Wote waliuliza anaishi na nani, anavuta sigara, anakunywa. Kaka akajibu nimechoronga Mirerani. Daktari akashusha pumzi. Mara ya kwanza nilisikia neno silikosisi, ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mawe, siku hiyo.

Akatueleza kuwa makovu ya vumbi la mawe kwenye picha yanaweza kufanana sana na TB. Vidoa vidogo vya mviringo, vingi, hasa juu ya mapafu, na tezi za kifuani zenye ukingo mweupe kama ganda la yai. Makohozi ya kaka yakapimwa upya, hayana vimelea. Tukafungua makaratasi ya zamani. Ni mara moja tu, ile ya 2018, ambapo kipimo cha makohozi kilionyesha TB kweli. Mara mbili nyingine alianzishiwa dawa kwa kuangalia picha peke yake.

Ndiyo maana naandika. Kama umewahi kufanya kazi ya vumbi la mawe, hata kama uliacha miaka 15 iliyopita na sasa unaendesha bodaboda pale Mbauda, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Taja kazi, taja miaka mingapi, taja kama ilikuwa kavu au ya maji.

Wenye ujuzi wa mambo haya karibuni mtuongezee.

#2 Chalii wa Njia Panda

Pole sana dada. Mjomba wangu alifariki hivi hivi 2012, tukaambiwa kalogwa na mshirika wake wa mgodini kwa sababu mgodi ulikuwa unakaribia kutema, yaani kutoa tanzanaiti. Nimesoma hii nimekaa chini.

#3 Apolo Bado Yupo

Dada, heshima yako. Mimi niko ndani ya ukuta unaozunguka migodi mpaka sasa, mwaka wa 21 huu. Nachoronga, nalipua, nabeba. Kifua changu kiko sawa. Tunakunywa maziwa kila tukipanda, yanashusha vumbi lote. Na tunafunga kitambaa kilicholowa puani. Wapo wazee wamekaa miaka 30 wazima kabisa. Nisikukatishe tamaa, lakini mengine ni kazi ya Mungu.

Halafu hilo la maji mnaongea kirahisi mkiwa mjini. Shimo linakwenda mamia ya mita chini. Ukimwaga maji kule magogo ya kushukia yanateleza, mtu anakwenda na maji. Nimeshuhudia.

#4 Muuguzi wa Siha

Nimefanya kazi wodi za kifua kwa miaka mingi upande huu wa Kilimanjaro. Naomba niseme kwa urefu kidogo, na nianze na maziwa, kwa sababu hili limetuulia watu.

Maziwa yanapita njia ya chakula yanakwenda tumboni. Vumbi limepita njia ya hewa limekwenda mapafuni. Hizo ni njia mbili tofauti, zinaachana kooni, na hakuna mlango kati yake huko chini. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa, yatakupa nguvu. Ila chembe moja ya vumbi hayatoi.

Vumbi linaloua ni lile usiloliona. Lile zito linalokufanya upige chafya na kutema linanaswa puani na kooni, mwili unalitoa. Chembe inayofika kwenye vifuko vya hewa kabisa ni ndogo mno, mikroni chache tu, wakati unywele wa kichwa una unene wa kama mikroni 70. Inaelea hewani masaa baada ya mashine kuzimwa. Mtu anaona hewa imetulia, anaingia bila wasiwasi, na hapo ndipo anapoivuta.

Ndani ya chembe hizo kuna silika. Si silika ya tabia, ni madini yaliyomo kwenye mchanga na kwenye mawe mengi magumu, hasa yale yenye kwatzi. Mapafu yana seli zinazofanya kazi kama walinzi, kila uchafu unaoingia zinaumeza na kuusaga. Silika haisagiki. Seli ikiimeza inakufa, inapasuka, na silika inatoka nzima vile vile na kumezwa na nyingine, nayo inakufa. Kila panapotokea hivyo panabaki kidonda, na kidonda kinaacha kovu. Pafu ambalo lingetakiwa kuwa laini kama sponji linakakamaa. Sasa dada umeeleza kuwa kaka alitoka mgodini 2015 na akaendelea kuzorota. Ni kwa sababu hiyo. Vumbi lililokwisha kuingia linaendelea na kazi yake hata mtu akihamia juu mlimani kwenye hewa safi.

Hayo makohozi meusi ni grafiti. Grafiti nayo ikizidi si salama, ila huyu wa rangi nyeusi anaonekana na kutishia watu, mwenzake silika, asiye na rangi ya kutisha, ndiye anayekata pumzi zaidi. Makohozi kuwa meupe hakumaanishi umepona.

Apolo Bado Yupo, kaka yangu, sikupingi kwamba uko mzima leo. Silikosisi ya kawaida inajitokeza baada ya miaka 10 na zaidi, na mwanzoni mtu hana dalili yoyote, picha ndiyo inayosema. Ikiwa vumbi ni jingi sana, miaka 5 inatosha. Na kwa vumbi la kupita kiasi, wapo waliokufa ndani ya miezi. Kule Marekani, jimbo la West Virginia, walichimba handaki la maji la Hawks Nest mwaka 1930 na 1931 kupitia mwamba uliojaa silika, wakachoronga kavu ili kazi iende haraka. Mamia ya vibarua walikufa, wengi wao weusi waliotoka kutafuta kibarua. Kwa hiyo miaka 21 na maziwa isikutie usingizi. Nenda ukapige picha ya kifua ukiwa mzima.

Kitambaa kilicholowa kinazuia chembe kubwa, ndogo zinapita. Barakoa ya hospitali vile vile. Angalau iwe ile ya N95 inayobana uso, na mwenye ndevu haimbani, hewa inaingia pembeni. Na hata hiyo kwa mchorongaji wa kavu haitoshi, ni ya kusaidia tu. Maji ndiyo dawa.

Kuhusu TB sasa. Silikosisi na TB ni ndugu wabaya. Wale walinzi wa mapafu niliosema wakishakufa kwa silika, kimelea cha TB kinakuta nyumba haina mlinzi. Mtu mwenye silikosisi yuko kwenye hatari ya kupata TB mara kadhaa zaidi ya mwingine, na hatari hiyo haimwachi maisha yake yote. Ndiyo maana kaka alikuwa na TB kweli 2018. Akipata kikohozi kipya asiseme "hili ni vumbi langu lile lile" akakaa nyumbani. Makohozi yapimwe kila mara, matibabu ni bure. Na kama hana TB, aulize kuhusu dawa za kinga, Shirika la Afya Duniani linataka wenye silikosisi wapimwe na kukingwa.

#5 Fundi Terazo Moshi

Mama muuguzi asante sana. Mimi sijawahi kufika Mirerani. Niko Moshi, Pasua, nasaga sakafu za terazo na kukata vigae na mawe ya makaburi kwa grainda. Nimeanza 2011. Nikimaliza kutwa niko kama nimetoka kwenye gunia la unga. Nami nimo?

#6 Muuguzi wa Siha

Umo, mwanangu. Inategemea jiwe. Marumaru halisi ina silika kidogo. Granaiti ina nyingi. Saruji na zege vina mchanga, na mchanga ni silika. Vigae vya kuchoma navyo vinayo. Mabaya kuliko yote ni yale mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya meza za jikoni, mengi yake zaidi ya asilimia 90 ni silika iliyogandishwa kwa gundi. Australia wameyapiga marufuku kuanzia Julai 2024 kwa sababu vijana wa kukata meza walikuwa wanaugua mapafu mapema mno.

Kata kwa maji. Chupa yenye tundu dogo, msaidizi anamwagia pale diski inapogusa, lakini muwe na mashine inayofaa kwa maji, umeme usije ukakuua kabla ya vumbi. Terazo saga sakafu ikiwa imelowa. Fanyia nje, simama upepo unakotoka. Usifagie kavu mwisho wa kazi, mwagia kwanza. Na hizo nguo usiende nazo nyumbani ukambeba mtoto.

#7 Mwana wa Katani

Mada ni ya mawe lakini naomba niingize na sisi wengine. Mama yangu alifanya kazi kwenye singa za katani, upande wa brashi. Alikuwa na kitu walichokiita kifua cha Jumatatu. Jumapili amepumzika mzima, Jumatatu akiingia kazini kifua kinambana mpaka jioni, Jumanne kinalegea. Tulidhani anachukia kazi.

#8 Muuguzi wa Siha

Huo ni ugonjwa unaojulikana, bisinosisi, unatokana na vumbi la pamba, katani na kitani. Kubanwa siku ya kwanza baada ya mapumziko ndiyo alama yake. Ukiwahi kumtoa kwenye vumbi anapata nafuu kabisa, ukichelewa kifua kinabaki hivyo. Tofauti na silika, hapa kuna nafasi ya kurudi nyuma. Viwanda vya kukoboa kahawa, mashine za kusaga unga na useremala navyo vinaleta pumu ya kazini. Kama kikohozi kinakubana siku za kazi na kukuachia ukienda likizo, hiyo nayo mwambie daktari.

#9 Dada wa Mchorongaji

Nimesoma yote, na nimemsomea kaka kwa sauti. Aliposikia lile la seli kumeza na kufa akaniomba nirudie.

Ndugu Apolo, najibu hoja yako ya maji kwa heshima, kwa sababu kaka naye alisema maneno hayo hayo. Ni kweli magogo yanateleza. Lakini maji ya kuchoronga hayamwagwi kutoka juu kama mvua, yanashuka kwa mpira wake mpaka kwenye mashine, na kinachotoka ni tope kidogo palipo na tundu. Kinachokosekana ni tangi, mpira na mtu wa kulipia. Kila mmoja wetu anakumbuka Juni 2020, mchimbaji alipopata mawe mawili, moja kilo 9.27 na jingine kilo 5.1, serikali ikayanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Pesa inatoka kwenye mashimo yale. Ukuta wa kilomita 24.5 ulizinduliwa 2018 kulinda jiwe, na ulijengwa kwa miezi michache tu. Siamini kwamba nchi iliyoweza hilo inashindwa kupeleka mpira wa maji chini.

Mnisamehe nikichukua muda kwenye suala la fidia, kwa sababu nimelizungukia ofisi kwa ofisi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, na mfuko wenyewe ulianza kazi 2015. Magonjwa ya kazini yamo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 nayo inamtaka mwajiri ampime mfanyakazi afya anapoanza, akiwa kazini na anapoondoka. Vizuri kabisa. Sasa kaka yangu mwajiri wake nani? Hakuwahi kuwa na mkataba. Hakuwahi kuwa na mshahara. Apolo anakula kwa bosi, analala kwa bosi, na analipwa mgawo siku mgodi ukitema. Usipotema miaka mitatu, amefanya kazi miaka mitatu kwa ugali. Kwenye karatasi hayupo, na mfuko unalipa waliomo kwenye karatasi. Mwenye mgodi naye alishauza hisa akaondoka.

Kule Afrika Kusini wachimbaji wa dhahabu walifungua kesi wakiwa maelfu, kampuni zikakubali mwaka 2018 kulipa randi bilioni 5 hivi kwa wenye silikosisi na TB na familia za waliokufa. Waliweza kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye vitabu vya kampuni. Kwa hiyo ninyi mlio ndani ya ukuta sasa, andikeni hata kwenye daftari la mia tano. Tarehe ya kuanza, mgodi gani, kazi gani, mwenye leseni nani, shahidi nani. Ukienda hospitali waombe waandike kazi yako kwenye kadi. Bila hivyo ni kama hukuwahi kushuka.

#10 Apolo Bado Yupo

Dada nimekuelewa. Nimekaa kimya siku mbili nikisoma. Kuna mtu kwenye kambi yetu anakohoa tangu Pasaka na tumemwekea jina la utani la kompresa. Kipimo wapi tuanzie bila kupoteza hela?

#11 Muuguzi wa Siha

Anzieni kituo cha afya hapo hapo Mirerani, makohozi yapimwe TB. Mkipata rufaa, Hospitali ya Kibong'oto iko Siha, imekuwa ikitibu kifua kikuu tangu miaka ya 1920 na inawajua wachimbaji wa Mirerani vizuri. Hospitali ya KCMC pale Moshi wana wataalamu wa kifua pia. Omba picha ya kifua na kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine, kinaonyesha mapafu yamebakiza uwezo gani. Kama mnavuta sigara, acheni zote, maana sigara juu ya silika inaharakisha. Silika peke yake inaleta saratani ya mapafu, hilo liliwekwa wazi kimataifa tangu 1997.

Nisiwadanganye, makovu hayafutiki. Tunachotibu ni kinachofuata: TB, nimonia, kubanwa, upungufu wa oksijeni. Anayetoka kwenye vumbi mapema anabaki na pafu kubwa zaidi kuliko anayengoja. Huyo wa tangu Pasaka apelekwe kesho.

#12 Dada wa Mchorongaji

Kaka ameniomba niandike haya kwa maneno yake, mimi nachapa tu:

"Zamu yetu ya usiku tulikuwa wachorongaji wanne, Block B, kati ya 2008 na 2013. Mmoja alirudi Babati kulima, alikuwa na kovu juu ya jicho la kulia. Mmoja alikwenda Rombo kwao. Wa nne alisema anahamia Kondoa kufungua duka. Simu zenu sina, zilipotea na laini ya zamani. Kama upo humu, au mwanao yupo humu na unaona maneno haya yanafanana na baba yako, nenda kapige picha ya kifua. Waambie ulichoronga kavu. Kisha mwandikie dada yangu hapa ujumbe wa ndani, nijue mko wangapi."